Sauti ya Pili kutoka Kawangware

Mbwa hakubweka, na hilo ndilo lililomfanya Wagaki ainue macho. Mbwa yule wa baba yake, Mzee Ng'ang'a, alimbwekea kila mtu aliyekaribia lango lao pale Kawangware, awe mpangaji, awe mchuuzi, awe pasta mwenyewe. Lakini adhuhuri ile ya Jumamosi alilaza kidevu juu ya miguu, akamtazama tu kijana mrefu aliyesimama nje ya ua wa miiba. Kijana alikumbatia kitu kirefu kilichofungwa ndani ya blanketi, kama mtu anayempeleka mtoto mgonjwa zahanati.

"Hodi hapa!"

Mzee Ng'ang'a alikuwa akigongomea mguu wa kiti. Hakugeuka.

"Vyumba vimejaa."

"Sitafuti chumba, mzee."

"Kama ni maziwa, njoo asubuhi."

"Si maziwa pia."

"Kama ni neno la Mungu, sisi tumeokoka kitambo."

Kijana alicheka, akajizuia haraka. "Natafuta mtu, mzee. Jina lake silijui. Sura yake pia siijui."

Sasa mzee aligeuka. "Basi ukimpata utamjuaje?"

"Nitamjua akiimba."

Panga la Wagaki, lililokuwa likikatakata majani ya ng'ombe, lilisimama hewani.

"Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi kanisani Riruta," kijana aliendelea. "Nilikuwa nje, nimemsaidia rafiki yangu kuleta viti. Kwaya ikaimba. Kulikuwa na sauti moja chini ya zile zingine. Haijisukumi mbele, haitafuti sifa, lakini ungeitoa tu, wimbo wote ungeanguka. Nimeuliza nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Mama mmoja muuza makaa akaniambia nijaribu hapa."

Wagaki alihisi uso wake ukipata moto. Miaka yote aliyoimba pale kanisani, watu waliwasifu wale wa sauti ya kwanza. Sauti ya pili ni kama chumvi, hakuna anayeisifu ikiwepo. Hakujua kwamba kuna mtu anayeweza kusimama nje, nyuma ya ukuta wa mawe, akaitofautisha sauti yake na za wenzake ishirini.

Mama yake, Njambi, alichungulia kutoka jikoni, mikono yake imejaa unga. "Huyo anayesemwa si ni Wagaki wetu?"

"Mama Wagaki!" mzee alifoka.

"Kwani ni siri?"

Kijana alimgeukia Wagaki kwa mara ya kwanza. Alimtazama tu, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari njema na anaogopa kuuliza mara ya pili. Wagaki akainamia majani yake, akaanza kukata yaliyokwisha kukatwa.

Jina lake lilikuwa Okeyo. Alipiga gitaa la besi, na ndilo lililokuwa ndani ya lile blanketi. Kwao kulikuwa Asembo, kando ya ziwa, lakini alikaa Kisumu Ndogo, kule Kibera, na alipiga pamoja na mwanamuziki aliyeitwa Jeconia. Huyu Jeconia alikuwa amechoka kuambiwa na kampuni za mjini wimbo upi utoke na upi ukae. Sahani hii ya santuri alitaka kuitengeneza mwenyewe, nyumbani kwake, kwa mashine ya kuazima. Sauti yake ya pili alikuwa mkewe, Filister, lakini Filister alikuwa amejifungua juzi na hakuweza hata kusimama muda mrefu.

"Sahani za baa," alisema Mzee Ng'ang'a. "Hapa Riruta kuna msichana alitajwa kwenye sahani kama hiyo. Jina lake, na jina la baba yake. Mpaka leo akienda dukani, walevi wanamwimbia kutoka mlangoni mwa baa. Alikuwa na mchumba. Mchumba akaona aibu, akaenda zake."

"Huu ni wimbo wa mama, mzee. Mama yake Jeconia alifariki, na Jeconia akiwa njiani kwenda, mafuriko yakakata barabara. Alifika kaburi limeshafunikwa. Anataka kumwimbia yale ambayo angemwambia."

Nyundo ilibaki mkononi mwa mzee. Kuku walipita. Njambi alijipangusa unga, akaja akasimama karibu na mumewe, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Wagaki, mwezi wa nne ulimzika mama yako. Magoti yalikuishia pale kaburini. Ni nani alikuimbia mpaka ukasimama?"

Mzee aligonga msumari mara moja, vibaya, ukapinda.

"Wagaki."

"Baba."

"Mtaenda na mama yako. Mtarudi jua bado likiwa juu. Na jina lako lisitajwe ndani ya hiyo sahani, hata kwa kunong'ona. Simwulizi huyu. Nakuuliza wewe."

"Halitatajwa, Baba."

"Sema tena."

"Nakuahidi, Baba. Halitatajwa."

Okeyo alisikia. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, kana kwamba ni yeye aliyeapa.

*

Mazoezi yalifanyika langoni. Mzee Ng'ang'a hakuwa amemruhusu mpiga gitaa kuingia ndani ya ua wake, alikuwa ameruhusu wimbo tu. Kwa hivyo kila jioni, Okeyo akitoka kibaruani, alikaa juu ya jiwe upande wa nje, Wagaki akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa upande wa ndani, na miiba ikawa katikati yao. Njambi alipitapita nyuma akimtafuta kuku ambaye hakuwa amepotea.

Maneno ya wimbo yalikuwa ya Kijaluo, na Wagaki hakukijua.

"*Minwa*," alifundisha Okeyo.

"*Minwa*."

"Hapana. Wewe unaita kuku. Mwite mama."

Wagaki alicheka mpaka akafunika mdomo. "Maana yake ni nini hasa?"

"Mama yetu."

"Yetu? Si mama yake Jeconia peke yake?"

"Kwetu mama hawi wa mtu mmoja."

Neno hilo lilimkaa Wagaki moyoni, na siku iliyofuata alipoliimba, Okeyo hakumrekebisha tena. Alifumba macho tu.

Kulikuwa na mahali ambapo Wagaki alichelewa kila mara, pale gitaa zinapobaki peke yake na sauti zinarudi kwa ghafla. Okeyo alijaribu kuhesabu, akajaribu kupiga mguu chini, haikusaidia. Mwishowe alipitisha mkono wake katikati ya miiba, akamgongea mapigo kwenye kiganja, taratibu, kwa ncha za vidole zilizokauka kwa nyuzi.

"Unaumia," alisema Wagaki. Damu nyembamba ilikuwa imechora mstari kwenye mkono wa Okeyo.

"Mapigo hayajaisha."

"Yataisha lini?"

"Siku utakayoacha kuuliza," alijibu, na wote wawili wakatazama pembeni.

Jioni nyingine alimweleza habari ya kutajana. "Wimbo ukifika katikati, gitaa zikibaki peke yake, sisi hatunyamazi. Tunajitaja, tunatajana. Tunaiita *pakruok*. Mtu anamtaja rafiki yake, anamtaja shemeji yake. Anamtaja msichana anayempenda, *nyar* fulani, binti fulani. Wimbo usio na majina ya watu ni nyumba isiyo na viti, hakuna anayeweza kukaa."

"Na msichana akitajwa?"

"Akikubali, anapiga kigelegele. Akikataa, anatoka nje."

"Na wewe umewahi kumtaja nani?"

"Bado." Okeyo aliangalia nyuzi zake. "Sijawahi kuwa na jina la kulitaja."

Nyuma yao Njambi alikohoa. "Kuku nimempata," alisema. "Giza linaingia."

*

Siku yenyewe Wagaki alivaa sweta yake ya kijani na mama yake akabeba sindano na uzi wa kufumia. Walifika Kisumu Ndogo asubuhi, wakashuka kati ya nyumba za udongo na mabati, na Wagaki akashangaa. Mtaa ulikuwa kimya kama kanisa kabla ya sala. Wanawake wauza dagaa wa omena walikuwa mahali pao, lakini waliwaita wateja kwa mikono. Mwanamume aliyekuwa akichonga kitanda aliweka msumeno chini walipopita, akawapungia.

"Jeconia alizunguka mlango kwa mlango," Okeyo alieleza. "Akaomba watuazime kimya. Wengine wametuazima na blanketi pia."

Blanketi zilikuwa zimetundikwa kwenye kuta zote za chumba cha Jeconia, za kila rangi, hata moja ya mtoto yenye sungura. Jeconia mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alimshika Wagaki mikono yote miwili.

"Nyathina," alisema, mwanangu, "asante kwa kuja. Huyu Okeyo ametusumbua wiki nzima. Sauti ya Wagaki, sauti ya Wagaki. Hata mtoto wangu mchanga amelijua jina lako."

"Jeconia!" alisema Okeyo.

"Nimedanganya?"

Okello, mtu wa midundo, alikaa kwenye kona na ngoma moja na chupa ya soda yenye mbavu ya kukwaruza. Nyuma ya pazia alijibana Kitheka, fundi wa redio, pamoja na mashine ya kuazima na betri ya gari. Maikrofoni ilikuwa moja, kwa hivyo Kitheka alichora alama za chaki sakafuni. Mwenye sauti kubwa asimame mbali, mwenye sauti ndogo asogee karibu. Alama ya Jeconia ilikuwa karibu na mlango. Ya Wagaki ilikuwa mbele kabisa. Na alama ya Okeyo, ambaye angeimba sauti ya tatu, ilikuwa moja kwa moja nyuma ya Wagaki, karibu hivi kwamba alipovuta pumzi, nywele za shingoni mwa Wagaki zilijua.

"Kitheka, hapa si karibu sana?" aliuliza Njambi kutoka kwenye stuli yake.

"Mama, mashine ndiyo inataka."

"Mashine," alisema Njambi. "Sawa."

Mara ya kwanza waliharibiwa na sindano za Njambi. Kitheka alichomoza kichwa kutoka pazia akiuliza ni nani mwenye saa inayolia tik tik. Njambi akaziweka chini akiona haya. Mara ya pili jogoo wa jirani aliwika katikati ya ubeti, na Okello akasema huyo anastahili kulipwa kama mwanamuziki au kuliwa kama jogoo.

"Betri inachoka," Kitheka aliwaonya. "Na mashine kesho inarudi kwa mwenyewe. Sasa kaeni vizuri."

Mara ya tatu, kitu kilishuka ndani ya chumba kile.

Labda ni kwa sababu Jeconia alifumba macho na kusahau mashine. Gitaa lake lilianza kama mtu anayebisha mlango wa nyumbani baada ya miaka mingi. Chupa ya Okello ikakwaruza, besi ikaingia kutoka chini, na Wagaki akaisikia miguuni kabla ya masikioni. Jeconia aliimba, *Minwa*, nimechelewa, maji yalijaa njiani, umeuacha mlango wazi na mimi sikuingia. Na Wagaki akaibeba sauti ile kutoka chini, asiisukume, asiiache ianguke. Alimfikiria nyanya yake. Alimfikiria baba yake akishindwa kusimama. Chozi lilimshuka na halikumharibia wimbo.

Kisha wakafika katikati, gitaa zikabaki peke yake, na Jeconia akaita, "Okello, chupa inaongea! Okeyo wa Asembo, besi inatikisa mabati!"

Ikawa zamu ya Okeyo kujibu. Wagaki alihisi pumzi ile shingoni, na halafu sauti, karibu na sikio lake, yenye furaha na hofu pamoja:

"Wagaki! Wagaki nyar Ng'ang'a! Mrembo wa Kawangware, umenipitisha kwenye miiba, sijutii!"

Kigelegele kilimjia Wagaki mpaka kooni, akakimeza, kwa sababu mapigo yalikuwa yakirudi. Yalirudi, na yeye akaingia mahali pake, sawasawa, kama ambavyo hakuwahi kuingia kamwe.

Uzi wa mwisho ulitulia.

"Imeingia!" Kitheka alipiga kelele nyuma ya pazia. "Jamani, imeingia yote!"

Jeconia alikaa chini sakafuni akalia waziwazi. Kutoka chumba cha pili, sauti dhaifu ya Filister ilisema kupitia ukutani, "Jeconia, hiyo mama ameisikia."

Wagaki alikuwa akicheka na Okello, akicheka na mama yake, na macho ya Okeyo yalikuwa juu yake, yakingoja. Ndipo Wagaki alipoacha kucheka, akaligeukia pazia.

"Kitheka," alisema. "Jina langu limo?"

"Limo safi kama kengele."

"Linaweza kutolewa, yabaki mengine yote?"

Kitheka alitoka nyuma ya pazia, akamtazama kwa huruma. "Dada, hii si shati useme nibandue kifungo kimoja. Gitaa, sauti, jina, vyote vimelala kitanda kimoja. Na mkanda wenyewe ni huu mmoja. Kutoa jina ni kuimba tena juu yake, na ile iliyoko ikapotea."

Jeconia aliinuka. "Hapana. Nyathina, usinifanyie hivyo."

"Nilimwahidi baba yangu."

"Mimi sikusikia jina lolote," alisema Njambi ghafla.

"Mama."

"Nilikuwa nahesabu mishono."

"Mama, sindano ziko chini."

"Nilihesabu kwa kichwa." Njambi alimtazama binti yake, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mtoto wangu, umeimba kama malaika. Baba yako hata gramafoni hana. Atasikia wapi?"

"Mlangoni mwa baa, akienda dukani. Palepale anapopaogopa. Na hata asiposikia milele, Mama, mimi ndiye niliyesema halitatajwa."

Alitoka nje kupata hewa. Okeyo alimfuata. Walisimama kando ya ukuta, mbele ya wauza omena waliokuwa bado wanaongea kwa mikono.

"Kwa hivyo umetoka nje," alisema Okeyo. Uso wake ulikuwa umefifia.

"Nimetoka kupumua."

"Unajua nasema nini. Kwetu msichana akitajwa, halafu akasema jina lifutwe, mwanamume anachukua gitaa lake anaenda."

"Na kwetu msichana akivunja neno alilompa baba yake kwa sababu ya mwanamume, huyo mwanamume ndiye anayepaswa kuogopa. Kesho msichana huyo atampa yeye neno la aina gani?"

Okeyo aliinamisha kichwa.

"Ulisikia nikiahidi. Ulikuwa umesimama pale."

"Nilisikia."

"Ukavua kofia."

"Nilivua. Wagaki, mdomo ulinitangulia. Wiki nzima nimelimeza hilo jina. Nikibeba magunia nalimeza, nikilala nalimeza. Leo gitaa zilipobaki peke yake likatoka lenyewe."

"Sikasirikii kwamba limetoka."

"Unakasirikia nini basi?"

"Uzuri wake!" Sauti yake ilipasuka, na wale wanawake wakageuza nyuso kwa adabu. "Hakuna mtu amewahi kuniita hivyo. Mimi ni sauti ya pili, Okeyo, hakuna anayejua hata kama niko. Ningeweza kuisikiliza hiyo sahani mpaka nizeeke. Wewe unafikiri ninafuta kitu kisicho na thamani? Wewe jina unabaki nalo, liko mdomoni mwako. Mimi ndiye nitakayelikosa."

Okeyo alinyoosha mkono, akakumbuka wako hadharani, akaurudisha.

"Hunikatai?"

"Nafuta mkanda. Wewe sikufuti."

Waliporudi ndani, Jeconia alikuwa amekaa na gitaa mapajani, hapigi. Aliongea bila kuwatazama.

"Nilimwahidi mama kwamba nitafika. Sikufika. Ndio maana ya wimbo huu wote." Alipangusa pua kwa mkono. "Sasa nimwimbie nikiwa nimekalia ahadi ya mtoto wa watu? Angeamka anipige kofi. Kitheka, rudisha mkanda."

"Tusikie ile mara moja kwanza," alisema Okello. "Mara moja tu, jamani. Tuage."

Kitheka alitikisa kichwa. "Hiyo ndiyo shida. Betri iko karibu kufa. Nikiicheza mkasikia, sitapata nguvu ya kurekodi. Ni kusikia au ni kuimba. Chagueni."

Wote walimgeukia Wagaki. Alitazama gurudumu la mkanda, jembamba, la rangi ya kahawia. Mle ndani alikuwa anaitwa. Akinyamaza tu, angeisikia tena sauti ile sasa hivi, na kesho, na kila siku. Alishika sweta yake kwa mikono miwili.

"Rudisha," alisema.

Mkanda ulirudi ukilia kama nyuki. Walisimama kwenye chaki zao.

Okello alikuwa amechoka, na ilisikika. Sauti ya Jeconia ilikwama juu kabisa, pale kwenye mlango ulioachwa wazi, akaivuta ikafika kwa shida. Wagaki aliibeba kadiri alivyoweza. Walifika katikati. "Okello, chupa inaongea!" Jeconia aliita. "Okeyo wa Asembo, besi inatikisa mabati!"

Na pakaja mahali pale.

Wagaki alisikia nyuma yake pumzi ikivutwa. Ilivutwa ikajaa, ikakaa. Besi iliendelea peke yake, chini, chini, na hakuna neno lililokuja. Aligeuza kichwa kidogo tu. Okeyo alikuwa ameuma mdomo, macho ameyakaza kwenye nyuzi, na shingo yake ilikuwa imesimama mishipa kama ya mtu anayezuia mlango usisukumwe. Nafasi ya jina ilipita ikiwa tupu. Wagaki alikaribia kuchelewa, akaingia.

"Imeingia," alisema Kitheka mwishoni. Hakupiga kelele. Taa ndogo ya mashine ilipepesa, ikazima.

"Ile nyingine ilikuwa bora," alisema Okello.

"Ndiyo," alisema Jeconia. "Lakini itatoka hii."

*

Okeyo aliwasindikiza mpaka Kawangware, akimbebea Njambi kikapu chake. Jua lilikuwa bado juu ya miti ya Riruta. Mzee Ng'ang'a aliwangojea langoni, kwenye kile kiti alichokuwa amekitengeneza.

"Ilikuwaje? Walikutaja?"

"Hapana, Baba. Jina langu halimo."

"Vizuri." Mzee alimgeukia kijana. "Na wewe, asante kwa kutunza neno."

Hapo ndipo Okeyo angeweza kuitikia tu, achukue shukrani, aende nyumbani. Wagaki alimwomba kwa macho afanye hivyo.

"Sikulitunza, mzee," alisema Okeyo, na akavua kofia. "Nilimtaja. Nilimtaja kwa sauti, katikati ya wimbo, na wimbo huo ulikuwa mzuri kuliko wote tuliowahi kupiga. Binti yako ndiye aliyesema ufutwe. Sote tulimsihi, akakataa. Tumeuimba tena, lakini haukufika kama ule uliofutwa."

Njambi aliweka mkono kichwani. Mbwa aliinuka, akatazama huyu, akatazama yule.

Mzee Ng'ang'a alisimama. "Ulimtajaje? Sema kama ulivyosema."

Okeyo aliikunja kofia. "Nilisema, Wagaki. Wagaki nyar Ng'ang'a. Yaani Wagaki binti Ng'ang'a. Mrembo wa Kawangware."

"Binti Ng'ang'a."

"Ndiyo, mzee."

"Ulisema Ng'ang'a? Ndani ya sahani?"

"Mara moja, mzee. Nisamehe."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti kubwa."

Mzee alijikuna kidevu. Aliangalia barabara, akaangalia nyumba yake, akaangalia mbwa. Kitu kilianza kumsumbua usoni, na hakikuwa hasira.

"Na mmefuta yote? Hata hapo kwa Ng'ang'a?"

"Yote, Baba," alisema Wagaki. "Jina haliwezi kutoka peke yake. Na wewe ulisema lisitajwe."

"Nilisema lako." Mzee alikaa tena kwenye kiti, polepole. "La kwangu nilikataza lini?"

Njambi alishika nguzo ya lango, akacheka mpaka uzi wake wa kufumia ukaanguka na kubiringika barabarani. Okeyo aliukimbilia, akaurudisha akiwa hana hakika kama anaruhusiwa kucheka. Mzee mwenyewe alipambana na midomo yake, akashindwa. Wagaki alicheka pamoja nao wote, kisha akageuka upande wa banda la ng'ombe, wasije wakaona kwamba machozi yake mengine hayakuwa ya kicheko.